Kwa Nini Kupiga Gari Rangi Kumekuwa Ghali

Maelezo kwa wakazi wa Wadi ya Katangi, Kaunti Ndogo ya Yatta



Kuna swali linaloulizwa sana na wenye magari, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Gari ni lile lile, rangi ni ile ile, fundi ni yule yule, mbona bei si ile ya miaka michache iliyopita? Wapo waliokwisha kuamua kwamba mafundi wameungana kuwanyonya wateja. Mafundi nao wanasema mteja wa siku hizi anataka gari ling'ae kama limeshuka melini Mombasa jana, na mfukoni ana pesa za kopo moja la rangi. Kila upande una neno lake. Maelezo haya yanahusu mahali pesa hizo zinapoenda, na haki alizo nazo mwenye gari kabla hajatoa hata shilingi moja.

Chukua mfano wa mwenye Probox anayebeba ndengu na maembe kutoka Katangi hadi Matuu. Gari lake linakwaruzwa ubavuni na pikipiki, mlango wa nyuma unabonyea na rangi inatoka hadi bati linaonekana. Mwenye pikipiki hana kitu. Bima ya mwenye Probox ni ile ndogo ya mtu wa tatu, ambayo sheria, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo. Bima hiyo ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na gari lake. Haimlipii rangi ya mlango wake mwenyewe. Kwa hiyo gharama yote ni yake. Asipopaka, mvua za Novemba zitaikuta bati wazi, na kutu ikishaanza chini ya rangi haisimami pale ilipoanzia. Mlango wa kupaka leo unaweza kuwa mlango wa kubadilisha mwaka ujao.

Anapofika gereji anatajiwa bei. Anapiga hesabu ya magunia ya ndengu, anaguna, anaondoka.

Ni vizuri kuanza na kopo lenyewe. Rangi ya gari ina mambo manne ndani yake: unga wa rangi, gundi inayoshikilia unga huo, kiyeyushi kinachoifanya iwe majimaji, na dawa kidogo za kuisaidia ikauke na isipauke juani. Unga mweupe, ambao umo katika rangi nyeupe na katika rangi nyingine nyingi, unaitwa titani dioksaidi. Hapa ndipo mtu anapoweza kucheka kwa uchungu. Madini ya kutengenezea unga huo, ilmenaiti na rutaili, yamechimbwa Kenya hii hii. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza kutoka Kwale mapema mwaka wa 2014, na uchimbaji ukaendelea hadi Desemba 2024. Mchanga huo ulipakiwa melini ukaenda kusafishwa ng'ambo, na unga mweupe ukanunuliwa kutoka ng'ambo kwa dola. Gundi na viyeyushi navyo vinatokana kwa sehemu kubwa na mafuta ya petroli, na mafuta hayo pia hayachimbwi Yatta.

Kwa sababu hiyo bei ya kopo inafuata dola kuliko inavyofuata moyo wa mwenye duka. Mwanzoni mwa 2020, bidhaa ya dola 100 ilihitaji kama shilingi 10,100. Januari 2024, dola ilipofika shilingi 160, bidhaa hiyo hiyo ilihitaji shilingi 16,000. Baadaye mwaka huo shilingi ikapata nguvu, na dola ikatulia karibu na shilingi 129, yaani shilingi 12,900 kwa bidhaa ile ile. Watu wengi walikumbuka kupanda kwa dola na wakasubiri bei zirudi zilikotoka. Lakini 12,900 bado ni zaidi ya 10,100 kwa zaidi ya robo. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16. Ukiiweka, ile 10,100 inakuwa 11,716, na ile 12,900 inakuwa 14,964. Hapo bado hakuna ushuru wa forodha, nauli ya lori kutoka Mombasa, wala faida ya muuzaji. Hesabu hii ni ya dola peke yake. Haijagusa kama kiwandani nako bei imepanda.

Mafuta nayo yalichangia. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye petroli na dizeli ilitoka asilimia 8 ikawa asilimia 16, na Oktoba mwaka huo lita moja ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi. Bei hiyo ilishuka baadaye, lakini fundi anayeendesha kompresa kwa jenereta umeme unapopotea bado anaihesabu kila lita. Na kuanzia mwisho wa 2023, meli nyingi zilizokuwa zikipita Bahari ya Shamu zilizunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi wa Yemeni. Kopo la rangi halisemi habari hizo, bei yake ndiyo inayozisema.

Sasa aina za rangi. Wateja wengi hawajui kwamba wakisema "nipigie nyeupe" wametaja vitu vingi kwa mpigo. Kuna rangi ya NC, ambayo hukauka kwa kiyeyushi chake kupotea hewani. Ni rahisi, hukauka upesi, na fundi anaweza kuirekebisha kwa urahisi, lakini jua la Yatta huipausha mapema na petroli ikimwagika juu yake inaacha alama. Kuna ile ya 2K, inayochanganywa na dawa ya kuikaza. Hiyo haikauki tu, inashikana kama gundi ya mabomba, na hudumu kwa miaka. Bei yake iko juu, na ikishachanganywa lazima itumike siku hiyo. Iliyobaki huganda ikatupwa.

Halafu kuna idadi ya tabaka. Gari la Toyota lenye nambari ya rangi 040 ni jeupe la kawaida. Lenye nambari 070 ni jeupe la lulu, lile linalometameta ukilitazama kwa upande. Machoni mwa mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, yote mawili ni meupe. Kwa fundi, 070 ni rangi ya chini, kisha tabaka la lulu, kisha klia juu yake, na akikosea tabaka la katikati mlango mmoja utaonekana kama umetoka gari lingine. Kwa hiyo jirani akisema alilipa nusu ya ulichoambiwa wewe, muulize kwanza nambari ya rangi ya gari lake. Nambari hiyo iko kwenye kibati kidogo, ama chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mwenye gari aiandike kwenye simu yake kabla hajaenda dukani, maana rangi iliyochanganywa kwa kukisia ndiyo inayonunuliwa mara mbili.

Wengi pia hudhani kazi ni kupuliza. Kupuliza ni dakika chache. Siku zinaisha kwenye kusugua. Fundi anagonga bati lirudi mahali pake, anaondoa kutu hadi chuma king'ae, anapaka pati, anasubiri ikauke, anasugua kwa msasa mkali, anapaka tena pale palipobonyea, anasugua kwa msasa laini pamoja na maji, anapaka praima, anasugua tena. Kisha anafunika vioo, taa na magurudumu kwa magazeti na utepe. Ukiona fundi amechukua gari asubuhi na kulirudisha jioni likiwa limepakwa lote, kuna kitu kati ya hivyo ambacho hakikufanyika.

Katangi ina shida zake pia. Vumbi jekundu linapeperuka kila lori linapopita, na rangi mbichi ni kama ulimbo. Mchana jua likiwa kali, rangi hukauka ikiwa bado hewani kabla ya kufika kwenye bati, na gari hutoka likiwa na mikwaruzo kama ganda la parachichi. Ndiyo maana mafundi wazoefu humwagia maji sakafu, hupuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, na hununua thina inayokauka polepole, ambayo ina bei yake. Bomba la kawaida la kupulizia linapoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Lipo bomba la upepo mwingi wenye kasi ndogo, HVLP, lililoundwa kufikisha angalau asilimia 65 ya rangi kwenye gari, lakini linataka kompresa kubwa, na kompresa kubwa si ya kila kibanda. Mafundi watatu wakinunua moja kwa pamoja wanaweza kurudisha pesa zao kwa rangi wanayoiokoa. Ni jambo la kuzungumziwa kwenye chama.

Hayo yote ni upande wa fundi. Kuna upande wa pili ambao mafundi wengine hawapendi kuusikia.

Sheria ya Kulinda Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari. Inasema fundi hapaswi kumtoza mteja kwa kazi ambayo hakumpa kwanza makadirio ya gharama, na hapaswi kutoza kazi ambayo mteja hakuikubali. Tena, bei ya mwisho haitakiwi kupita makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Hii ina maana kwamba aliyeambiwa shilingi 30,000 hawezi kufika jioni akaambiwa 42,000 kwa sababu "rangi iliisha." Kipimo ni 33,000. Kama fundi amefungua mlango akakuta kutu ambayo hakuna aliyeiona, anapiga simu, anaeleza, na mteja anakubali au anakataa kabla ya msasa kuguswa. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa na habari za kumwezesha kuamua.

Shida ni kwamba gereji nyingi huendeshwa kwa mdomo. Makadirio ya mdomo hayana shahidi. Karatasi ya daftari inatosha: jina la fundi, nambari ya gari, sehemu zinazopakwa, aina ya rangi, idadi ya tabaka, bei ya vifaa, bei ya kazi, tarehe ya kumaliza, sahihi mbili. Asiyependa karatasi atume ujumbe wa simu wenye mambo hayo hayo, na mwenzake ajibu "nimekubali." Pesa za vifaa zikilipwa kwa simu pia zinaacha alama. Na mteja ambaye ana nafasi aende dukani pamoja na fundi anunue vifaa mwenyewe. Fundi mwaminifu hatakasirika, maana naye anaepuka kulaumiwa kwa bei ambayo si yake.

Kazi ikishakamilika, kuna majaribio mawili ambayo hayahitaji mtaalamu. La kwanza ni sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji. Ipitishe polepole juu ya sehemu iliyopigwa pati. Ikishika, bati liko karibu. Ikianguka, kuna pati nene hapo chini, na pati nene hupasuka gari likipita kwenye mashimo. La pili ni kitambaa cheupe kilicholoweshwa thina. Sugua kidogo mahali pasipoonekana, kama ndani ya ukingo wa mlango. Rangi ya NC itayeyuka na kuacha alama kwenye kitambaa. Rangi ya 2K iliyokauka vizuri haitatoka. Aliyelipia 2K na akaona kitambaa kimebadilika rangi ana hoja ya kumrudia fundi siku hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu.

Kwa wale wanaofikiria kutumia nafasi hiyo kubadilisha rangi kabisa, tuseme kutoka fedha hadi nyeusi, kuna gharama nyingine ambayo haimo katika bei ya fundi. Rangi ya gari imeandikwa kwenye cheti cha usajili, kile kitabu cha gari. Ikibadilika, mwenye gari anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, na maombi hufanywa kupitia mtandao wa serikali. Gari jeusi lenye kitabu kinachosema fedha hufanana na gari la wizi machoni mwa askari kizuizini, na kueleza kando ya barabara kwamba ulilipaka tu kunaweza kula siku nzima. Isitoshe, kubadilisha rangi kunataka kupaka ndani ya milango, ndani ya boneti na ndani ya buti. Anayepaka nje tu anabaki na gari la rangi mbili kila anapofungua mlango. Kama sababu ni kuchoka tu na rangi ya zamani, basi ni uchovu wa bei kubwa.

Kuna pia magari ambayo rangi yake si hiari. Tangu kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, kuanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zinatakiwa kuwa na mstari wa manjano. Mabasi ya shule nayo yalitakiwa kuwa ya manjano baada ya sheria ya trafiki kurekebishwa na kuanza kutumika mwaka wa 2017. Kwa bodi ya shule, basi ni gari kubwa, na pesa za kulipaka ni karo ya wazazi. Bodi ikiomba makadirio kwa maandishi kutoka kwa mafundi watatu, kila mmoja akitaja aina ile ile ya rangi na idadi ile ile ya tabaka, bei hizo zinaweza kulinganishwa. Bila hivyo, bei ya chini huwa ni ya rangi nyepesi, na basi linarudi gereji kabla mtoto aliyeingia kidato cha kwanza hajamaliza cha nne.

Si kila gari lililopauka linahitaji kupakwa. Kama rangi imefifia lakini haijabanduka, dawa ya kung'arisha na mikono yenye subira vinaweza kuirudisha. Kama klia imeanza kuchubuka kama ngozi iliyoungua jua, hapo hakuna dawa ya kung'arisha itakayosaidia, sehemu hiyo lazima isuguliwe na kupakwa upya. Lakini sehemu hiyo, si gari zima. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vioshwe siku hiyo hiyo. Na vumbi lisipanguswe kwa kitambaa kikavu asubuhi, kama wengi wanavyofanya wakisubiri injini ipate joto. Vumbi hilo ni mchanga, na kitambaa kikavu kinaugeuza msasa. Mwagia maji kwanza, hata kama ni nusu ndoo. Yatta inajua thamani ya maji, lakini nusu ndoo ni nafuu kuliko boneti.

Jambo la mwisho linahusu vifua vya mafundi. Dawa ya kukaza rangi ya 2K ina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ukungu wake ukivutwa unaweza kusababisha pumu, na mtu akishaupata ugonjwa huo, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana pumzi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Barakoa ya karatasi haizuii mvuke. Kinachofaa zaidi ni kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Kama hakipo, angalau barakoa yenye vichujio vya mkaa, ambavyo lazima vibadilishwe kabla havijachoka. Kuna pia risasi, ile madini, iliyotumika zamani kwenye rangi. Kiwango kilichowekwa Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini gari kuukuu linaposuguliwa, vumbi linalotoka ni la rangi ya enzi zake. Lisuguliwe kwa maji, na watoto wasicheze hapo.

Vijana wanaojifunza kazi hii kwenye vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba viko chini ya kaunti, waulize kuhusu mtihani wa ufundi wa NITA, wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Waliojifunza kazi kando ya barabara pia wanaweza kuufanya. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti jukumu la leseni za biashara, biashara ya haki na udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kwa hiyo mwenye malalamiko juu ya bei iliyobadilishwa, kopo lililopungua kipimo au gereji inayopulizia rangi karibu na darasa ayapeleke kwa ofisi ya wadi yakiwa na karatasi ya makadirio, ujumbe wa malipo na picha za gari kabla na baada ya kazi.